Uyoga wa vichuguuni: namna ya kuutambua, na faida zake za kiafya zilizo za kweli

Swali limetoka kwa msomaji wa Sengerema, mkoani Mwanza, aliyeolewa huko akitokea Dar es Salaam. Anasema kila mvua zinapoanza mama mkwe wake hudamka alfajiri, huingia porini na kurudi na kikapu cha uyoga, ambao familia nzima huula kwa ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo. Anauliza mambo matatu: atautambuaje uyoga unaolika siku atakayolazimika kuchuma mwenyewe, kama ni kweli, kama alivyoambiwa na muuza dawa mmoja, kwamba uyoga wa porini hutibu kisukari na presha na kuongeza kinga ya mwili, na kama anaweza kumlisha mtoto wake wa miaka miwili.

Dada yangu, naanza na la kwanza, kwa sababu ndilo linaloua.

Hakuna alama moja inayotenganisha uyoga wote unaolika na uyoga wote wenye sumu. Uyoga hujulikana aina kwa aina, na anayesema amepata njia ya mkato atakudanganya hata kama nia yake ni njema. Utasikia kwamba wenye sumu hubadilisha rangi ya kitunguu swaumu au ya mchele vikipikwa pamoja, kwamba huifanya sarafu iwe nyeusi, kwamba hautoki ngozi ukimenywa, au kwamba ulioliwa na wadudu ni salama kwa binadamu pia. Yote hayo si kweli. Konokono na funza hula bila kudhurika uyoga ambao kipande chake kimoja kinaweza kumuua mtu mzima, na baadhi ya wanyama wengine huvumilia kiasi kikubwa cha sumu hiyo hiyo, kwa hiyo mnyama si mwonjaji wa kuaminika. Kuuchemsha mara mbili au kuukausha juani hakusaidii dhidi ya sumu iliyo mbaya kuliko zote.

Ushauri wangu, ambao huenda ukaonekana wa woga kwa watu waliokulia porini, ni kwamba ujifunze aina moja tu, uijue tangu ikiwa changa hadi inapooza, na nyingine zote uziache ardhini. Kwa mtu anayeishi Sengerema, aina hiyo iwe uyoga wa vichuguuni.

Huu ni uyoga wa jamii ambayo wanasayansi huiita Termitomyces, na hauoti kichuguuni kwa bahati. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hawawezi peke yao kumeng'enya vizuri miti na nyasi kavu wanazokusanya. Huzimeza, huzitoa zikiwa zimechanganyika na mbegu za kuvu, na kwa kinyesi hicho hujenga ndani ya kichuguu masega laini ya rangi ya kahawia. Kuvu huota juu ya masega hayo na kuzilainisha sehemu ngumu za mimea, kisha mchwa hula masega yaliyokomaa. Ushirika huu ulianza hapa hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, na leo hakuna kati ya hao wawili anayeweza kuishi bila mwenzake. Mvua zinapoulowesha udongo, kuvu hupeleka chipukizi juu kutoka kwenye sega, chipukizi hilo hutoboa udongo mgumu, na likifika nje hufungua mwavuli. Ndiyo sababu kichuguu kilichotoa uyoga mwaka jana mara nyingi hutoa tena mwaka huu maadamu mchwa wake wako hai, na ndiyo sababu wachumaji wazoefu hukumbuka vichuguu vyao kimoja kimoja, na baadhi yao hawamwonyeshi hata jirani.

Kwako wewe, maana ya maelezo hayo yote ni shina. Usiung'oe uyoga kwa kuuvuta, bali chimba taratibu kwa kisu ukilifuata shina kwenda chini. Shina la uyoga wa vichuguuni haliishii usawa wa udongo. Huendelea chini kama mzizi, likipungua unene kadiri linavyoshuka, pengine kwa zaidi ya nusu mita, hadi kwenye sega la mchwa. Huna haja ya kufika huko na kukiharibu kichuguu, lakini unapaswa kuuona mzizi huo ukiendelea kushuka. Mtu anayekata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi ameacha chini ushahidi muhimu kuliko wote.

Kisha itazame kofia. Katikati yake pana kinundu kigumu, mara nyingi kilichochongoka na chenye rangi ya giza kuliko pembezoni, ambacho ndicho kilichotoboa udongo. Igeuze, utaona majani membamba yaliyopangana kama matamvua ya samaki, nami nitayaita matamvua kuanzia hapa. Katika uyoga wa vichuguuni matamvua huwa meupe ukiwa mchanga, na huelekea rangi ya waridi hafifu unapokomaa. Nyama yake ni nyeupe na imara, na chini ya shina hakuna mfuko wala kikombe.

Kipimo cha mwisho hufanyika nyumbani, na ningependa ukifanye mpaka kiwe mazoea. Kata kofia moja iliyofunguka, ilaze juu ya karatasi matamvua yakitazama chini, uifunike kwa bakuli na kuiacha usiku kucha. Asubuhi utakuta unga laini umeanguka kwenye karatasi na kuchora mistari ya matamvua. Unga huo ndio mbegu za uyoga. Wa vichuguuni hutoa unga wa rangi ya maziwa yenye uwaridi. Ukipata unga wa kijani, tupa uyoga wote uliouchuma.

Nimeutaja unga wa kijani kwa sababu adui utakayekutana naye mara nyingi zaidi ndiye huyo. Jina lake la kisayansi ni Chlorophyllum molybdites, na huota baada ya mvua kwenye nyasi fupi katika nchi nyingi za joto duniani: viwanja vya mpira, nyua za shule, malisho ya ng'ombe, bustani za nyumba za Capri Point na Isamilo jijini Mwanza. Ni mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye shina, na kwa mtu mwenye njaa unavutia kweli. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe kama ya uyoga mwema, na rangi ya kijani huja baadaye. Hapo ndipo watu hunaswa. Hauna mzizi. Mtu akiula huanza kutapika na kuharisha, wakati mwingine damu, ndani ya saa 1 hadi 3, na ingawa watu wazima wengi hupona, mtoto mdogo anaweza kukaukiwa maji hadi hali yake ikawa ya hatari. Ukumbuke pia kwamba si kila kinachoota juu au kando ya kichuguu ni uyoga wa vichuguuni. Mahali pa kuota ni kidokezo, wala si uthibitisho.

Uyoga unaoua hasa ni baadhi ya jamii ya Amanita na baadhi ya uyoga mdogo mdogo wa kahawia unaofanana na mwingine mwingi usio na madhara. Amanita wengi hutoka ardhini wakiwa ndani ya gamba kama la yai, na gamba hilo hubaki chini ya shina kama mfuko. Hapa panahitaji uangalifu, maana katika misitu ya miyombo, kuanzia Tanzania hadi Zambia na Malawi, wapo Amanita wanaoliwa na kuuzwa sokoni tangu enzi za mababu, na mama mkwe wako anaweza kuwa anawajua vizuri. Simpingi. Ujuzi wake ni wa kweli, lakini ni ujuzi wa misitu ile aliyoizoea. Katika mashamba ya misonobari, kama Rubya kule Ukerewe au Buhindi, miti ya kigeni inaweza kuwa imekuja na kuvu wake kwenye mizizi. Ndivyo ule uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe ulivyoingia katika nchi kadhaa za Afrika, na ule wa kijanikijivu unaoua kuliko wote ulivyoingia Afrika Kusini pamoja na mialoni kutoka Ulaya. Bibi wa hapa hakurithi kwa mama yake habari za uyoga ambao mama yake hakuwahi kuuona. Na tukiwa kwenye misitu ya hifadhi, huko huchumi kitu bila kibali cha wahifadhi, na ndani ya hifadhi za taifa za Saanane na Rubondo huchumi kabisa.

Sumu ya wale wanaoua huitwa amatoksini. Huzuia seli za ini kutengeneza protini mpya, na moto wa jikoni hauiharibu. Ubaya wake mkubwa ni ukimya: mtu hula akashiba, akalala, na dalili huja baada ya saa 6 hadi 24. Huanza tumbo kali na kuharisha, kisha kuanzia siku ya pili mgonjwa hupata nafuu na familia humshukuru Mungu, na wakati huo huo ini linaharibika. Siku ya tatu au ya nne macho huwa manjano. Kwa hiyo kushikwa na tumbo muda mrefu baada ya kula uyoga ni hatari zaidi kuliko kutapika mapema, ingawa kutapika mapema nako hakukuhakikishii usalama ikiwa chungu kilikuwa na aina zaidi ya moja. Usingoje nafuu, wala usipoteze saa kwa maziwa au mafuta ya kula. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, wakuandikie mapema rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema halisubiri tena kivuko. Beba mabaki ya uyoga, mabichi na yaliyopikwa, ndani ya karatasi, na uwataje wote waliokula, hata wasioumwa.

Neno kuhusu mahali pa kuchuma, kwa kuwa Sengerema ipo jirani na Geita. Uyoga hufyonza madini mazito kutoka kwenye udongo, hasa zebaki na kadimiamu, kuliko mboga nyingi zinavyofanya. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na sehemu yake hubaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, na kwenye udongo unaozunguka mialo ya kuchenjulia. Uyoga uliootea huko hata ukiwa wa aina salama kabisa usiuchume. Uache pia ule wa kando ya mashamba ya pamba yaliyopuliziwa dawa na wa kandokando ya barabara kuu.

Sasa faida. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Gramu 100 zake zina protini ya gramu 2 hadi 3 hivi, wakati kiasi hicho hicho cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 8 au 9. Wauzaji hupenda kutaja protini ya uyoga mkavu, ambayo kwa aina nyingi ni kati ya asilimia 20 na 30, bila kukumbusha kwamba kilo moja ya uyoga mkavu hutokana na karibu kilo 10 za mbichi, na kwamba dagaa wakavu, ambao nyinyi wa kando ya ziwa hamkosi, wana protini maradufu ya hiyo. Usiwaache dagaa kwa ajili ya uyoga.

Thamani yake iko penginepo. Una vitamini za kundi B, hasa riboflavini na naiasini, una potasiamu, shaba na seleniamu, una nyuzinyuzi, na karibu hauna mafuta wala chumvi. Zaidi ya hayo una ergosteroli, ambayo ikipigwa na mwanga wa jua hugeuka kuwa vitamini D. Hili lina manufaa ya moja kwa moja kwako. Ukiukata uyoga vipande na kuvianika wakati jua limepanda, hata kwa chini ya saa moja, gramu 100 za uyoga mbichi zinaweza kupata mikrogramu 10 au zaidi za vitamini hiyo, na mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama mikrogramu 15. Ni mboga chache sana zinazoweza kujisifu hivyo. Mahali wanapoanika matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha, panatosha kabisa: tandaza vipande juu ya ungo au mkeka safi, uviingize ndani kabla umande haujaanguka, na uvihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko vikiwa vinavunjika kwa mlio. Vikianza kunuka uvundo au kuota ukungu, tupa.

Kuhusu kutibu, muuza dawa amechukua mambo yenye ukweli kidogo akayavuta hadi yakakatika. Uyoga una wanga kidogo na nyuzinyuzi za kutosha, kwa hiyo ni kitoweo kizuri kwa mwenye kisukari, hasa ukichukua nafasi ya nyama ya mafuta au ya sehemu ya ugali ambayo angejazia. Hilo haliufanyi kuwa dawa ya kisukari, na mgonjwa anayeacha vidonge au insulini akitegemea uyoga atafika hospitali akiwa mahututi. Presha ni vivyo hivyo: potasiamu husaidia na chumvi hudhuru, na mtu anayetia vijiko vya chumvi kwenye mchuzi wa uyoga ameiondoa faida kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo, kwa upande wake, amwulize daktari wake kabla ya kula uyoga mwingi, kwa sababu ya potasiamu hiyo hiyo.

Habari ya kinga ina mzizi wa kweli. Kuta za seli za uyoga zina betaglukani, ambazo kwenye maabara huamsha baadhi ya seli za ulinzi wa mwili, na Japani iliruhusu kwa miongo kadhaa dondoo zilizosafishwa kutoka aina chache za uyoga zitumike hospitalini sambamba na dawa za saratani. Angalia maneno yenyewe: dondoo zilizosafishwa, hospitalini, sambamba na dawa. Kikombe cha unga wa uyoga kinachouzwa stendi si kitu hicho. Kuna visa vilivyoripotiwa vya watu walioumia ini baada ya kutumia unga wa aina fulani za uyoga unaouzwa kama tiba, na baadhi ya bidhaa hizo huongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Anayetumia ARV asiziache wala kuzipunguza kwa ahadi ya namna hii. Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu wanaouza ahadi hizo hawapo mgonjwa anapozidiwa.

Jikoni, usiukawize: ukishapata jibu la kipimo cha unga asubuhi, upike siku hiyo hiyo. Ubebe kwenye kikapu, si kwenye mfuko wa nailoni ambamo hutoka jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani. Visa vingine vinavyodhaniwa kuwa vya uyoga wa sumu ni vya uyoga mwema ulioharibika. Usiule mbichi kamwe. Kuta zake zina kaitini, ambayo tumbo halimeng'enyi kwa urahisi, na zipo aina salama ambazo zikiwa hazijaiva huleta tumbo. Uoshe haraka kuondoa mchanga, uuchanechane kwa mkono, uukaange na kitunguu na nyanya, kisha utie karanga zilizotwangwa na kuuacha uchemke kwa dakika 20 au zaidi. Mtu anayekula aina hii kwa mara ya kwanza ale kidogo, kwa kuwa mwili wa mmoja unaweza kukataa kinachokubaliwa na wengine kumi. Lakini kula kidogo kusigeuzwe kuwa njia ya kupima sumu, maana amatoksini haitoi onyo mdomoni na hukawia kujionyesha.

Imebaki habari ya mtoto. Mimi nisingempa mtoto wa miaka miwili uyoga wa porini, hata kama umechumwa na mama mkwe mwenyewe. Uzito wake ni mdogo, kiasi cha sumu kinachomtikisa mtu mzima kinatosha kumuua yeye, na kuharisha kwa nusu siku humkausha. Huo ndio msimamo ambao ningemwomba mama mkwe aukubali, kwa heshima na bila kuutilia shaka ujuzi wake: mtoto asubiri hadi akue, angalau avuke miaka mitano. Kwa sasa anaweza kula uyoga wa kupandwa, ule mnaouita mamama, ambao hustawi hata kwenye mabua ya mahindi na masalia ya pamba, ukiiva vizuri na kukatwa vipande vidogo, vijiko viwili au vitatu pamoja na dagaa waliosagwa. Wewe mwenyewe, ukiwa mjamzito, fuata utaratibu huo huo wa mtoto. Na msimu ujao mama mkwe akishika kikapu chake, mfuate na kisu chako, uchimbe mbele yake, umwonyeshe mzizi, na umwache akusahihishe.